Gari la Posa

Clavery alikuwa ameliosha gari nje na ndani, kisha, kwa kuwa ubishoo ulikuwa bado haujamwishia, akafungua boneti akaiosha na injini kwa mpira wa maji. Eti wakwe wa Nkwenda waone. Benitha, mjane wa mdogo wake, alipoambiwa hayo asubuhi ya posa ya mwanawe, alijiuliza ni ukoo gani unaofungua boneti ya gari la mgeni kabla ya kumpa binti.

Sasa gari lilikuwa limegoma. Clavery alizungusha ufunguo, starta ikapiga kelele, injini ikakohoa kidogo na kunyamaza. Akazungusha tena na tena, uso umemvimba, huku akilitukana gari kwa Kinyambo.

Wazee wa ukoo, waliokuja na makoti yao ya kanisani, wote waligeuka mafundi. Mmoja alisema ni betri, ingawa hata kuku wa majirani hapo Omurushaka walisikia jinsi betri ilivyokuwa na nguvu. Mwingine alifungua tangi, akanusa petroli, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Hakuna aliyejua kitu na hakuna aliyenyamaza.

“Shemeji, mbona linachuruzika maji huku chini?” Benitha aliuliza. “Si uliosha injini? Liache wazi likauke.”

“Mambo ya gari waachie wanaume, Benitha.”

Alishazoea. Tangu mumewe afariki, Clavery ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba yake. Alisema msibani, akasema kwenye kikao cha kugawa shamba, na alipomaliza kusema, migomba yote ya upande wa bondeni ikawa yake. Leo alikuwa amsemee Edgar, mtoto pekee wa Benitha, na Edgar hakuwa na siku nyingine. Mara ya kwanza hawakutokea kwa sababu Clavery alikuwa anasubiri suti kwa fundi. Mzee Rwezaura, baba yake Kemigisha, binti anayeposwa, akatuma neno kwamba angewapokea leo kabla ya chakula cha mchana. Baada ya hapo angewapokea watu wa Kayanga, nao wana kijana wao.

“Baba mkubwa, tuchukue bodaboda,” Edgar alisema. “Muda unakwisha.”

“Bodaboda! Ukoo huu ukapose juu ya pikipiki? Sukumeni!”

Gari lenyewe lilikuwa la otomatiki. Edgar alijaribu kueleza kwamba gari la namna hiyo haliwaki kwa kusukumwa, akaambiwa vijana wa siku hizi wavivu. Basi wazee wazima wakavua makoti, wakainama, wakasukuma kwa kuhema. Gari likashuka mteremko kimya kimya, likaingia kwenye migomba ya bondeni na kutulia humo, Clavery akiwa bado ameshika usukani.

Benitha hakucheka. Dharau ilikuwa imemjaa hadi kooni, kicheko kingepitia wapi? Alichukua kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi ya kupelekea posa, kilichoachwa barazani, akakipakata, akawapungia mkono madereva wawili wa bodaboda.

“Mama, nani atasema?” Edgar aliuliza.

“Panda.”

Walifika Nkwenda wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Kwa Rwezaura wazee walikuwa wameketi sebuleni, na harufu ya ndizi zinazoiva ilikuwa inatoka jikoni. Benitha alipiga goti, akaamkia. Waliitikia, kisha Rwezaura akachungulia nyuma yao, barabarani.

“Msemaji wenu yuko wapi?”

Uongo ulikuwa mwingi na rahisi. Angeweza kusema ameshikwa na homa. Angeweza kumsitiri, kama alivyomsitiri miaka yote.

“Yuko Omurushaka, anasukuma gari la otomatiki.”

Mzee mmoja alipaliwa na punje ya kahawa aliyokuwa anatafuna. Rwezaura hakutabasamu.

“Posa ina msemaji, mama. Mwanamke hasemi, unajua.”

“Najua. Tangu nifiwe nimesemewa, mzee wangu. Nimesemewa mpaka shamba limeniishia. Nimebaki na huyu kijana tu, na huyu simwachii mtu amsemee.”

Sauti ilimtetemeka, akaikasirikia. Simu ya Edgar ikaita mfukoni. Akaitoa, akamtazama mama yake kwa wasiwasi.

“Ni baba mkubwa.”

“Zima.”

Edgar akazima. Rwezaura aliwatazama wazee wenzake mmoja mmoja, na hakuna aliyemsaidia. Mwishowe akakivuta kijikapu cha kahawa ya kutafuna ya kukaribishia wageni, akakisukuma hadi mbele ya kiti kilichokuwa kimetengwa kwa ajili ya msemaji.

“Kaa hapo,” alimwambia Benitha. “Tafuna kwanza. Halafu useme taratibu, hapa hakuna anayekufukuza.”