Nilivyomfuata Mke Wangu Ndotoni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na naomba nilitamke mwenyewe kabla fundi viatu wa jirani hajalisimulia, maana yeye hulitia chumvi, na jambo lenyewe lilikuwa limekolea tayari.

Mimi ni fundi makochi. Kazi yangu ni kulivua kochi nguo zake za zamani, kulitia sponji mpya, kisha kulivika kitambaa ambacho mteja amekichagua baada ya kugombana na mumewe. Mke wangu ni fundi cherehani. Chumba chake cha kushonea kiko mtaa wa pili, ukuta kwa ukuta na studio ya mpiga picha tunayemwita Tabasamu, kwa sababu hajawahi kumpiga mtu picha, hata ya pasipoti, bila kumwambia, "Tabasamu kidogo." Yeye ndiye aliyemfundisha mke wangu kuota huku akijua kwamba anaota.

Mafunzo yenyewe ukiyasikia ni mepesi. Unaweka daftari karibu na mto, na ukiamka unaandika ulichoota kabla hujamsemesha mtu. Mchana, mara kumi au ishirini, unatazama mkono wako na kuhesabu vidole. Ukizoea, utavihesabu hata usingizini, na huko havitimii: vitakuwa vinne, au saba, au kimoja kimechipuza kingine. Hapo unajua uko ndotoni, na ukishajua, mambo yote ni ruhusa. Unaruka, unapita ukutani, wengine wanasema unauacha hata mwili wako kitandani ukautazama kutoka darini kama mzigo wa mtu mwingine.

Mke wangu alifaulu wiki ya tatu. Najua kwa sababu alicheka. Ilikuwa alfajiri, nikasikia kicheko kile cha enzi za uchumba wetu, kile kinachoanzia tumboni na kummaliza pumzi. Miaka kumi na moja sikuwa nimekisikia, na mimi ndiye mchekeshaji wa mtaa. Kuna watu huniletea makochi mazima ili tu niwatanie.

Asubuhi nikamwuliza, "Ulikuwa unacheka na nani?"

"Niliruka juu ya mapaa."

"Nimekuuliza na nani."

"Chai inapoa," akasema.

Kicheko kikarudi Jumanne, kikarudi Ijumaa. Nikaanza kumtazama usoni akiwa amelala, kama mlinzi anayetazama geti ambalo funguo zake anazo mwingine. Nikapiga hesabu zangu. Anayeijua njia ya kule ni nani? Tabasamu. Aliyemwonyesha mke wangu ni nani? Tabasamu. Basi wamepeana miadi mahali ambapo mume hawezi kugonga mlango. Wangekutana hotelini, ningewafuata na nyundo. Kule ningewafuata na nini? Jibu lilikuwa moja: na mimi nijifunze.

Nilijifunza kwa siri, daftari nikilificha kwenye marundo ya sponji. Wenzangu wanaota wanapaa. Mimi niliota napigilia kitambaa kwenye kochi, mteja amesimama nyuma yangu akisema mkono wa kushoto umelala. Ukurasa wa kwanza, kochi. Ukurasa wa pili, kochi la watu watatu. Wivu ukawa wa pande mbili: nilimwonea wivu huyo anayecheka na mke wangu, na nikamwonea wivu mke wangu mwenyewe kwa yale mapaa.

Jumamosi moja mchana, baada ya kushinda nikipaka gundi, nilijilaza kwenye kochi la mteja, usingizi ukanibeba. Nilipofumbua macho, kitu cha kwanza niliinua mkono wa kushoto nikahesabu. Vinne. Nikarudia polepole, nikigusa kimoja kimoja. Vinne. Ningetulia, ningeona kwamba kidole cha mwisho kilikuwa kimegandana na jirani yake kwa gundi, kimejibanza nyuma yake kama mdaiwa. Lakini mtu aliyengoja wiki tano hatulii. Nilijua nimefika.

Nikatoka pekupeku.

"Fundi, viatu viko wapi?" akauliza fundi viatu.

Nikamjibu kwa upole kwamba yeye hayupo, mimi ndiye ninayemwota, na nashangaa nimemwota na meno mengi kuliko aliyo nayo. Akatupa chini kiatu cha watu, akanifuata.

Kwenye chumba cha kushonea nilimkuta mke wangu amepiga magoti, pini mdomoni, akipima pindo la gauni la mama mmoja mtu mzima. Na pembeni, amekalia stuli kama mtu wa nyumbani, Tabasamu, mapajani ana lile koti ambalo huwaazima wateja wake wa picha, anangoja kuwekewa kifungo. Kumbe ndiko wanakokutana, nikajisemea, na wameweka hata mteja ili isionekane vibaya.

"Shemeji, karibu," akasema Tabasamu.

"Usiniite shemeji. Huku hakuna mashemeji. Huku nakuona ulivyo."

Akajitazama kifuani.

"Tukiwa macho nakuchekea," nikaendelea, "lakini leo nakuuliza kiume. Mke wangu unamchekesha kwa kitu gani?"

Mke wangu akatoa pini mdomoni, moja moja. "Bwana Fundi, umekunywa nini?"

"Wewe nyamaza, nitakuamsha nikifika nyumbani."

"Mwanangu," akasema yule mama, "hebu kaa chini."

Nikamwambia yeye nimemwota kwa bahati mbaya, shauri hili halimhusu, anaweza kutoweka. Hakutoweka. Alikunja mikono akajiweka vizuri zaidi, kama mtu aliyelipa kiingilio.

Basi nikaona niwaonyeshe kwamba mji ule sasa nami ni mwenyeji. Nikapanda juu ya meza ya kukatia vitambaa. "Mnadhani mnaruka peke yenu," nikasema. Nikatandaza mikono, nikajirusha kuelekea dirishani.

Nilitua juu ya furushi la sare za shule, nalo likanirusha sakafuni, goti mbele. Maumivu yale hayakuwa ya ndotoni. Mke wangu akaja akachuchumaa, akaushika mkono wangu wa kushoto, akautazama mbele na nyuma. Kisha akavibandua vile vidole viwili, vikalia kama plasta inayong'olewa.

"Hesabu tena," akasema.

Mlangoni fundi viatu alikuwa amekaa chini kwa kicheko. Tabasamu, na hili linaniuma hadi leo, hakucheka. Alilaza koti juu ya stuli akasema, "Nitapitia baadaye, shemeji," kwa sauti ya mtu anayetoka kumjulia hali mgonjwa. Mama naye akabadilisha nguo, akaondoka shingo upande, fundi viatu akamfuata. Tukabaki wawili.

Mwenye akili angeomba radhi. Mimi, goti limevimba, nikaendelea.

"Haya, sikuwa ndotoni. Lakini swali langu liko palepale. Unacheka na nani?"

"Sicheki na mtu."

"Kicheko kile nakijua, mke wangu. Kilikuwa changu."

Akachukua koti, akatunga uzi kwenye sindano. "Unataka kujua, au unataka nikuongopee upoe?"

"Nataka kujua."

"Siku ya kwanza nilipojua naota, nilikuwa humu humu. Chumba kimefurika. Wateja, mama yako, vipimo, kila mtu ana shida yake na anataka jibu sasa hivi. Nikakumbuka naweza kufanya nitakalo. Nikawatoa nje mmoja mmoja mpaka pakawa peupe. Hapo ndipo nilipopaa, na hapo ndipo nilipocheka. Tangu siku hiyo kila nikienda nafanya vilevile."

"Na Tabasamu ulimtoa?"

"Yule alitoka mwenyewe. Ana adabu."

Nikahisi roho inarudi mahali pake. Ningenyamaza hapo, tungekwenda zetu nyumbani. Lakini wivu ukishazoea kuuliza hauoni pa kusimama.

"Na mimi?" nikasema. "Mimi uliniacha nimekaa wapi?"

Akakata uzi kwa meno.

"Wewe ndiye niliyeanza naye."