Kitabu cha Kufika

Uongo wenyewe niliuandika mimi, kwa hiyo nina haki ya kuusimulia. Kwa miaka ishirini na miwili nilikaa ghorofa ya juu ya stesheni kuu, kwenye chumba chenye meza, simu na kabati lisilofungika, na kazi yangu ilikuwa kitabu cha kufika: treni ipi, imetoka wapi, imefika saa ngapi. Mwandiko wangu ni mzuri. Hata wasionipenda wanakubali hilo.

Desturi ya kazi niliikuta. Treni ikifika kwenye taa ya nje, ile iliyo nyuma ya karakana, gadi wake, yaani yule anayepeperusha bendera na kupiga filimbi, alikuwa anapiga simu, nami naandika kwamba imefika. Zamani kutoka taa ya nje hadi jukwaani zilikuwa dakika tatu tu, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Halafu injini zikaanza kufa moja baada ya nyingine, jukwaa la pili likajaa mabehewa mabovu, na treni zikawa zinasubiri nafasi pale kwenye taa nusu saa, dakika arobaini, siku nyingine saa nzima. Sisi tukaendelea na desturi yetu. Kitabu changu kilisema treni tisini na tano katika kila mia zinafika kwa wakati. Namba hiyo ilibandikwa mlangoni, na abiria walikuwa wakiisoma wanashika mbavu.

Mkurugenzi wa siku hizo tulimwita Mzee Subira, kwa sababu kila tulipomlalamikia alitujibu kwamba subira yavuta heri. Sibishi. Lakini haijawahi kuvuta behewa.

Aliyekuwa hacheki ni mdogo wangu. Yeye ni muuguzi wa wodi ya wazazi kwenye hospitali kubwa, anakaa mwisho wa reli, na kila asubuhi anapanda treni ya alfajiri ambayo inatakiwa kufika saa moja na dakika tano. Saa moja na nusu awe amempokea zamu mwenzake aliyekesha. Alichelewa, akachelewa tena, akaandikiwa onyo. Alipojitetea kwamba ni treni, hospitali ikatuuliza kwa barua. Jibu likatoka kwenye kitabu changu: treni imefika saa moja na dakika sita. Nililinakili mwenyewe, kwa mwandiko huo huo mzuri.

Wiki ile akanipigia simu. Ameitwa mbele ya kamati Ijumaa ya wiki inayofuata, na huenda akaachishwa kazi.

"Dada, wananiita mwongo," akasema. "Eti treni ilifika. Hivi huko kwenu nani anaandika hizo saa?"

"Ni watu wa huko juu," nikamjibu. "Pole, mdogo wangu."

Huko juu nilikuwa mimi. Yeye alidhani kazi yangu ni kupanga mafaili, na sikuwahi kumsahihisha. Nilikata simu nikajiona sina haya hata kidogo.

Jumatatu iliyofuata Mzee Subira alikuwa ameshaondoka na tulikuwa tunamngoja mkurugenzi mpya. Tulishampa jina kabla hatujamwona: Filimbi, kwa kuwa alianzia ugadi, akapanda ngazi moja moja mpaka juu kabisa. Gari lake lilitarajiwa saa tatu. Mameneja walipiga suti pasi, wakajipanga getini na shada la maua kama wanaopokea bibi harusi.

Saa mbili kasoro dakika tatu mlango wangu ukafunguka. Akaingia mwanamke mfupi, wa makamo, viatu vina vumbi la behewa, tiketi ya daraja la tatu mkononi. Nyuma yake mkuu wa stesheni alikuwa anahema kwa kupanda ngazi mbio, na kwa jinsi alivyonikodolea macho nikajua mwanamke huyu ndiye Filimbi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Treni ya alfajiri imefika saa ngapi leo?"

Nikamsomea. "Saa moja na dakika saba."

Akaitazama saa ya ukutani, akaitazama na ya mkononi mwake. "Mimi nimeshuka sasa hivi. Tangu saa hiyo nilikuwa wapi?"

Mdomo wangu umeniponza tangu utotoni. "Ulikuwa umefika, mama," nikasema, "ila ulikuwa hujashuka."

Mkuu wa stesheni akafumba macho. Filimbi akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akashika kiti. Kisha akakaa, akavuta kitabu karibu yake.

"Desturi hii naijua," akasema. "Nilipokuwa gadi, hizo simu nilikuwa nazipiga mimi. Leo nimekaa dakika hamsini kwenye taa ya nje, jirani yangu wa kiti ana mtoto mwenye homa, na gadi ameshasema tumefika."

Saa nne akatukusanya wote kwenye chumba cha mapumziko, mafundi na ovaroli zao, mameneja na suti zao. Hakuhutubia. Alisema tu kwamba kuanzia siku hiyo treni imefika pale milango inapofunguliwa na mtu anakanyaga jukwaa, na kwamba saa hizo zitaandikwa kwa chaki ubaoni, abiria wazione.

Meneja wa uendeshaji akasimama. "Mheshimiwa, tutashuka mpaka treni thelathini katika mia. Wizara ikiona hivyo itaifunga reli hii."

"Abiria wanajua," akajibu. "Madereva wanajua. Huyu dada wa kitabu anajua. Sasa tunamficha nani? Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kitabu kikinidanganya kwamba mgonjwa ni mzima, dawa nitaipeleka wapi?"

Meneja akakaa. Alasiri hiyo hiyo Filimbi alikuwa kwenye jukwaa la pili, amevaa buti za kuazima, anaelekeza mabehewa mabovu yavutwe kwenda karakana moja baada ya jingine. Miaka minne tulikuwa tumeambiwa haiwezekani. Nilisimama dirishani nikimtazama, na nasema bila aibu kwamba nilimpenda.

Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja. Ubao wa chaki ungesema kweli ya kesho, na mdogo wangu alikuwa anahukumiwa kwa jana. Jumatano nikabeba vitabu vitatu vya nyuma, nikaenda ofisini kwa Filimbi. Nikamweleza yote: wodi, maonyo, lile jibu nililolinakili.

"Saa za kweli zipo?" akauliza.

Nikamfungulia kitabu. Pembeni mwa kila mstari kulikuwa na nukta za penseli, ndogo sana, usipoambiwa huzioni. Kila treni iliyochelewa kwenye taa ya nje niliiwekea nukta, moja kwa kila dakika tano. Nilikuwa nasikia milango ikifunguliwa chini, naweka nukta. Miaka saba.

"Kwa nini uliziweka?"

"Sijui, mama. Wino uliandika nilivyoagizwa. Penseli ilikuwa yangu."

Akazihesabu kwa ncha ya kidole, siku moja baada ya nyingine, zile siku za maonyo ya mdogo wangu. Nukta tisa. Nukta kumi. Nukta nane. Akakifunga kitabu.

"Barua ya kwenda hospitali nitaiandika," akasema. "Nitasema kampuni ilitoa jibu la uongo, na kwamba desturi hiyo hata mimi niliifuata. Lakini kampuni haina mkono. Aliyeandika ni mtu, na huyo mtu ana jina."

"Utanifukuza?"

"Nikimfukuza kila aliyedanganya humu nitaendesha treni peke yangu. Tena mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kutoka." Akanisogezea kalamu. "Utatia saini chini ya yangu. Na mdogo wako utampelekea mwenyewe."

Hilo ndilo nililoliogopa kuliko kufukuzwa. Mdogo wangu nilimlea mgongoni. Nywele zake za kwanza nilizisuka mimi.

Nilitia saini. Alhamisi jioni nikamngojea jukwaani akitoka kazini, nikampa bahasha. Aliisoma akiwa amesimama, watu wanampita huku na huku. Akairudia tangu mwanzo. Alipofika kwenye jina langu akainua macho.

"Kwa hiyo huko juu ni wewe."

"Ni mimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Hakutukana. Aliikunja barua, akaitia kwenye mkoba, akapanda treni yake na kukaa upande ambao siwezi kumwona. Ijumaa kamati ilimsafisha, maonyo yote yakafutwa. Habari hizo niliambiwa na mama yetu kwa simu. Mdogo wangu hakunipigia, siku hiyo wala wiki iliyofuata, na nilipompigia mimi simu iliita mpaka ikachoka.

Filimbi naye hakunipa nafasi ya kujikunyata. Aliishusha meza yangu chini, akaniweka kwenye dirisha la tiketi lililokuwa limefungwa miaka, akaagiza kwamba abiria yeyote aliyechelewa akitaka karatasi yenye saa ya kweli ya kufika nimwandikie, nipige muhuri, niweke jina langu. Siku ya kwanza foleni ilifika mpaka getini. Walimu, wapishi, walinzi, mafundi cherehani, wote wakinitazama usoni. Wengine walinishukuru. Mmoja aliniambia kwamba mimi ndiye niliyemkosesha kazi mwaka juzi, nami nilimwandikia karatasi yake nikiwa sioni vizuri kwa machozi.

Foleni ikaanza kupungua. Jukwaa la pili lilikuwa wazi, na treni zilichelewa dakika ishirini, kisha kumi na tano. Wizara ilikuja kukagua, ikauona ubao, ikakuta namba zake zinalingana na zilizo kitabuni. Ikatupa mwaka mmoja wa kujirekebisha.

Jumatatu ya tatu tangu nishushwe dirishani, treni ya alfajiri ilifungua milango saa moja na dakika kumi na saba. Nikaandika kwa wino. Watu sita tu walikuja dirishani. Wa sita alikuwa na sare nyeupe chini ya koti. Nikajua ni mdogo wangu kabla sijamtazama usoni.

Dakika kumi na mbili za kuchelewa hazikuwa kitu kwake, bado angewahi zamu, hakuhitaji karatasi yoyote. Aliweka viwiko vyake dirishani, akauchungulia mwandiko wangu, akaitazama saa ya ukutani, akarudi kwenye mwandiko.

"Niandikie na mimi, dada," akasema.

Nikamwandikia.