Waya Mwekundu wa Redio Yangu

Mwanangu ni fundi magari, mkewe ni dereva wa teksi. Ukisikia hivyo utadhani gari lao haliwezi kulala na ugonjwa. Lile lililala nao, tena siku kadhaa, taa ya injini inawaka njano pale mbele ya usukani, na mimi mama mtu nimekaa kibarazani nachambua mchele, nawatazama.

Taa ilipowaka, mkwe wangu alikuwa kazini. Akapita kwa fundi aliye karibu na kituo chao cha teksi, yule wanayemwita Kompyuta kwa sababu ana mashine ya kusoma magonjwa ya gari. Mashine ikasema injini inapata hewa nyingi mno, petroli haitoshi. Ubaya ni kwamba Kompyuta aliwahi kumposa mkwe wangu, akakataliwa. Na tangu afungue gereji pale kituoni, mwanangu alikuwa hana raha.

"Amekusomea bure?" akamuuliza mkewe aliporudi nyumbani.

"Bure."

"Labda na soda akakupa!"

"Na soda. Tena ya baridi."

Basi, ikawa ubishi. Kompyuta kasema hewa, yeye akang'ang'ania petroli. Akabadilisha chujio la petroli. Akafungua pampu, nzima. Akatoa sindano za kunyunyizia petroli, akazisafisha moja moja huku akigombana na mtu asiyekuwepo: "Mashine! Fundi gani hana masikio?" Gari likiwashwa linatetemeka vilevile kama lina homa.

"Baba watoto," mkewe akamwambia, "gari hili ndilo kazi yangu. Jioni likiwa halijapona, nampelekea mwenzako alifungue."

"Asiguse injini yangu!"

"Yako? Mimi nilidhani ni ya gari."

Nikainamia ungo nisionekane ninacheka.

Alipoona hana pa kukimbilia, akachukua kopo la ile dawa kali ya kupuliza wanayosafishia vyuma. Injini ikiwa inanguruma, akapuliza kidogo kidogo kwenye mipira ya injini. Penye upenyo, injini huivuta dawa na mlio hubadilika. Alipofika kwenye mpira mnene unaopitisha hewa, injini ikashtuka, ikapandisha sauti. Na yeye akanywea.

Mkewe akasogea, akaingiza vidole, akatoa kipande cha waya mwekundu chini ya mdomo wa mpira. Kibano chake kilikuwa kimelegea.

"Hiki nini?"

"Huyo Kompyuta wako..." mwanangu akaanza.

Waya ule nilikuwa naujua. Mwanangu alikuwa ameukata kwenye redio yangu iliyokufa, nikamuuliza wa nini, akanijibu, "Kazi ndogo tu, mama." Niliweka ungo chini, nikamtazama. Mtoto uliyemzaa huhitaji kumpigia kelele. Akaniangalia, akaangalia waya, sentensi yake ikamfia mdomoni.

"Niliuweka mimi," akasema. "Akifungua injini uanguke, nijue."

"Ujue nini?"

"Kwamba umempelekea gari."

Kibano hakukikaza, ili waya uanguke upesi. Ndipo hewa ikapata njia ya wizi.

Mkwe wangu akautazama waya mkononi. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo taa umeiwasha wewe. Na taa ndiyo iliyonipeleka kwake."

Mwanangu akainamia injini. Alikaza kibano, injini ikatulia, lakini taa ikabaki inawaka.

"Nitachomoa betri," akasema, "itazimika yenyewe."

"Acha betri. Itazimwa kwa mashine ya Kompyuta mwenyewe. Na utakayeomba ni wewe."

Mwanangu akanawa mikono mpaka sabuni ikakonda. Akaingia ndani, akatoka na shati lililopigwa pasi.

"Shati la nini? Unakwenda kuposa?"

"Aone kwamba natunzwa."

Mkewe alitaka kubaki na hasira, lakini cheko likamponyoka. Akauviringisha ule waya kwenye kishikio cha ufunguo, akaketi kwenye usukani. "Mama, panda na wewe. Huyu nikimbeba peke yangu atashukia njiani."

Nikapanda nyuma. Tulikwenda hadi kona ya mwisho, gereji ikiwa inaonekana kabisa, ndipo mwanangu akakohoa.

"Hiyo soda," akauliza akitazama dirishani, "aliifungua mwenyewe au ulifungua wewe?"