Komeo la Ndani

Msusi alikuwa amefika nusu ya kichwa cha mteja, sebuleni kwake, pale mwanawe alipoingia, sare ya shule ameikunja kwapani. Kijana wa miaka kumi na sita, mrefu hadi mtaani wamembandika jina la Ngongoti.

"Shule sirudi tena," alisema, hata salamu hakutoa.

Mama mtu naye hakuwa na subira, tuseme ukweli. Mwaka mzima walikuwa wakiishi kama paka na panya. Alinyanyua kitana amchape nacho begani, kama alivyozoea. Safari hii Ngongoti aliudaka mkono. Akaukaza, akaupindisha, macho yamemtoka. Hivyo hivyo ndivyo baba mtu alivyokuwa akimshika, kabla hajawakimbia.

Mteja akanyakua mkoba wake na kutoka, upande mmoja wa nywele umesukwa, mwingine umetimka. Nani angemlaumu?

Msusi alijichomoa, akakimbilia chumbani na kusukuma komeo. Lilikuwa limeota kutu, likakwaruza kwa kelele ndipo likaingia. Akili ilimwambia, huyu ni mtoto uliyemzaa mwenyewe. Mkono haukusikia, ulibaki umelikandamiza komeo.

Nyayo zikaja hadi mlangoni. Kitasa kikazunguka.

"Mama, fungua."

Akajiziba mdomo. Baba mtu naye alikuwa akianza hivyo, kwa upole.

"Mama, hilo komeo..." Sauti ya Ngongoti ilikatika. "Si tulikuwa tukilifunga wote? Mimi na wewe, tunajibanza nyuma ya kitanda."

Hakujua kama mtoto anakumbuka. Alikuwa mdogo mno.

"Leo umenifungia mimi."

"Nakuogopa, mwanangu." Neno hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mumewe.

"Hata mimi najiogopa. Sijui nimefanyaje vile." Msusi akasikia mgongo ukiteleza ukutani. "Nimekaa chini, mama. Mikono nimeikalia. Ukitaka fungua, usipotaka basi, mimi nipo hapa hapa."

Alishika komeo. Alimpenda, Mungu anajua alimpenda, lakini vidole havikuvuta. Basi naye akakaa sakafuni, ameegemea mlango kwa upande wake. Kisha akamuuliza shuleni kumetokea nini, na mlango ukiwa bado umefungwa, mtoto akaanza kumweleza.