Kona Zilizolingana

...na kidole kiko juu ya swichi, sijabonyeza, naapa sijabonyeza, lakini utepe unajikunja, unainuka taratibu kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi, na Mkurugenzi anaendelea, mabibi na mabwana, hii ni polima, plastiki inayoitikia umeme... umeme upi, mzee wangu, swichi imelala, na mwalimu aliyekaa mbele hapepesi macho, yule ambaye mkono wake wa kulia umepooza tangu augue, glavu tuliyomshonea iko mapajani, utepe huu ukikubali tutaingiza tepe tano ndani yake, kila kidole na wake, alivyoingia aliniambia, binti, mimi sina tamaa, kushika chaki tu... Mkurugenzi anasita, anatafuta neno, utepe unalala, neno limepatikana, utepe unainuka, ala, kumbe ni pumzi yake, ameuinamia kama anayepoza chai, na polima hii inakunywa unyevu, inavimba upande mmoja, inajikunja, yaani kazi yote ile ya kuchanganya wino na kuchapa nyaya tumepata mashine inayoendeshwa kwa hotuba, na hotuba hapa hazijawahi kuadimika... halafu nyuma kule shangazi yangu, aliyenilea kwa cherehani yake, leo kaja kuona mtoto wake anafanya nini humu maabara kwenye vioo, anamnong'oneza mlinzi, na mnong'ono wa shangazi hufika hadi getini, zile plastiki nimezinyoosha mimi asubuhi, baba, kila moja imekatwa kona moja tu, nikazikata zote nne zilingane, vijana hawa hawana jicho... mama yangu wee, kona, ile kona ndiyo alama yetu, plastiki inaonyesha hadi ng'ambo kama kioo, huwezi kujua wino uko upande gani, ndiyo maana tunakata kona ya juu kulia tuujue uso wa utepe, sasa kona nne zimekatwa, safi kabisa, tayari kwa harusi, na mimi nimeubana kifudifudi, klipu za umeme zinauma mgongo mtupu usio na wino, nikibonyeza hakitatokea kitu, basi nisibonyeze, Mkurugenzi, hebu waeleze wageni tulikoanzia, ah, amefurahi, anavuta hewa ya kutosha mazishi mawili, utepe unapanda mpaka juu, makofi, naweza kumaliza hivihivi, wakaondoka, nikaugeuza kesho, nani atajua... ila mwalimu anatabasamu kwa upande mmoja wa uso, ameinua ule mkono mzima, anaufunga na kuufungua kwa kuufuata utepe, anajizoeza, masikini, anajizoeza kwa pumzi ya mtu, kwani tutamfunga Mkurugenzi kwenye glavu, aingie naye darasani, alale naye, mkewe atasemaje... na shangazi huyuhuyu siku ile alinishonea sare, mkono mmoja ukaingia nje ndani, basi la shule linapiga honi, nalia nivae hivyohivyo, akaufumua mbele ya dereva na watoto wote dirishani, akasema aibu ya kufumua inaisha hapa mlangoni, ya kuvaa utashinda nayo, nilimchukia mpaka saa nne, nampenda yule mama, na sitamtaja, mkasi ni wake lakini aliyebana utepe bila kuupima ni mimi... haya binti, anasema Mkurugenzi, bonyeza sasa, kidole bado kiko palepale juu ya swichi, utepe bado umesimama, maneno ninayo, samahani mwalimu, utepe huu nimeuvalisha nje ndani, nivumilie niugeuze, bado sijui kama utakubali, tutaona wote pamoja, na wewe Mkurugenzi, kwa heshima zote, naomba unyamaze.