Duara la Nne

Hospitalini walimwita Bwana Halo, maana kwa miaka kumi na mmoja ndiye aliyepokea simu pale mapokezi, na sauti akiisikia mara moja haimpotei tena. Macho yalimpotea utotoni. Wazazi nao wakafariki, akabaki na dada yake, fundi cherehani, aliyekataa wachumba wawili ili amlee. Mwanamke yule, tumpe haki yake, alikuwa mama akawa na baba.

Shule ya watoto wasioona ilipotangaza nafasi ya mwalimu msaidizi wa sayansi, Bwana Halo hakulala kwa hamu. Ni shule ya bweni. Mwalimu hukaa huko huko. Kitabu cha kemia cha nukta nundu hakikupatikana, basi kila alasiri dada akamsomea cha wino, na kila atomu akaishonea kadi yake. Katikati ndipo penye kiini: shanga kubwa ni protoni, vifungo vya shati ni nyutroni. Kukizunguka kiini, maduara ya uzi, na juu yake shanga ndogo ndogo, ndizo elektroni. Kadi ishirini, kuanzia haidrojeni yenye shanga mbili tu hadi kalsiamu iliyolemea mkononi.

"Dada, vidole vyako vimesoma," alimtania.

"Vimesoma? Vimetobolewa!" dada akajibu, wakacheka.

Siku ya usaili aliulizwa na mwalimu mkuu, mama mwenye sauti ya upole, naye akajibu kama anayekunywa maji. Kaboni? Mbili, nne. Sodiamu? Mbili, nane, moja. Na hiyo moja ya nje, akaeleza, haikushikwa sana, ndiyo maana sodiamu huiachia upesi.

"Potasiamu?"

"Mbili, nane, tisa."

Akasikia kalamu ikiwekwa mezani.

"Una hakika?"

"Hakika kabisa, mama. Maduara matatu. Nimeyashika kwa mkono wangu."

"Ni manne, ndugu yangu. Mbili, nane, nane, moja." Mama yule akashusha pumzi. "Na watoto wa hapa hawawezi kufungua kitabu watuhakiki. Ukimpa mtoto kosa, atalishika hivyo hivyo mpaka uzeeni."

Alirudi nyumbani akijilaumu kwa kusahau. Dada hata hakumpitia akilini. Akaitoa kadi ya potasiamu, akahesabu: duara la tatu, shanga tisa zimebanana. Kidole kikateleza nje kidogo, pale pasipo na kitu, kikasita. Vitobo. Vitobo vya sindano, vimefuatana mduara mzima mpaka vikakutana. Duara la nne lilishonwa, kisha likafumuliwa. Kadi ya kalsiamu, vivyo hivyo.

Mtu huweza kusoma vibaya. Lakini nani amewahi kufumua kwa bahati mbaya? Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hata hizo nguo alishonewa na dada huyo huyo.

Chumba cha pili cherehani ilikuwa ikilia. Alipoita, ikanyamaza.

"Dada, hapa palikuwa na nini?"

"Ungeniacha na nani?" dada akasema. "Nyumba nzima, mimi na cherehani?"

"Ungeniambia."

"Ungebaki?"

Asingebaki, na wote wawili walilijua hilo. Alihisi amesalitiwa, tena na mtu pekee aliyemfanya macho yake, na kilichomuuma zaidi ni kwamba bado alimpenda.

Wiki iliyofuata barua ya bodi ya shule ikaja, ya wino. Dada akaisoma kwa sauti inayokatika: wanasikitika, nafasi amepewa mwingine, anakaribishwa kuomba tena mwakani.

"Pole, mdogo wangu," akasema, na alikuwa akilia kweli.

"Nipe."

Aliipapasa karatasi. Laini pande zote mbili. Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akachukua fimbo yake.

"Unakwenda wapi? Si nimeshakusomea?"

"Kwa fundi viatu."

Fundi viatu, mlango wa tatu kutoka pale, aliweka nyundo chini, akafuta mikono, akasoma polepole. Ilikuwa vile vile alivyoisoma dada, neno kwa neno.

"Kwani leo dada yako hayupo?" akauliza.

"Yupo," alisema Bwana Halo, kisha akamwomba amsomee tena, tangu mwanzo.