Ngata Mezani

Mume wangu Cecil alikwenda Masasi kwenye mafunzo ya walimu wa uchoraji, akarudi Newala haambiliki. Huko walionyeshwa picha za Wazungu wa zamani: vitu tu vilivyopangwa mezani, bila mtu hata mmoja. Kumbe kila kitu kina neno lake. Fuvu ni kifo. Mshumaa uliozimika ni uhai uliokwisha. Limau lililomenywa ni dunia, inapendeza machoni, mdomoni kali. Wachoraji wa baadaye waliacha mafuvu wakachora mikate na chupa, lakini Cecil alisema hata huo mkate si mkate tu.

Mimi nilikuwa na mimba kubwa ya mtoto wa pili, Julia akiwa bado mdogo. Bibi Bimdogo, mkunga wetu, alishanikataza kushuka bondeni kuchota maji. Hapa juu hatukuwa na kisima, na bomba la serikali lilikuwa bado maneno. Nilimwomba Cecil achote yeye mpaka nijifungue. Akasema mwalimu akionekana na mtungi kichwani, wanafunzi hawatamheshimu. Basi nikaendelea kushuka mwenyewe, nikirudi kiuno kinawaka moto.

Siku moja nimetua tu, akautwaa mtungi wangu umejaa, akauweka mezani pamoja na mabibo na kibatari. Alikuwa anachora picha ya kumpelekea mkaguzi Masasi.

"Maji usiyaguse, Mama Julia," akasema. "Mtungi ukijaa unatoa jasho, unang'aa. Maji ni uhai."

"Na ugali nitasonga na nini?"

"Vumilia kidogo."

Nilikasirika. Nikachukua ngata yangu, ile ya kanga kuukuu ninayoiweka utosini chini ya mtungi, nikaibwaga mezani.

"Na hii uichore."

Akaitazama, akaona inaziba pengo, akaichora kweli.

Alirudi kutoka Masasi anatabasamu. Mkaguzi, mama wa Kizungu, aliisifu picha, kisha akauliza lile duara la kitambaa lina maana gani.

"Ukamjibu nini, Baba Julia?"

"Nikamwambia duara halina mwanzo wala mwisho. Maana yake ni umilele. Akaandika kabisa."

Nilimtazama mume wangu. Ngata ameiona kichwani mwangu tangu aliponiposa kwetu. Nikaichukua, nikamwekea utosini, nikamtwika mtungi mtupu. Nikamwambia asiposhuka leo, nakwenda kwa mama yangu kule Chilangala, nitajifungulia huko, na jina la mtoto watatoa wajomba zake. Alinijua sitanii.

Akashuka jua likiwa kali na njia imejaa watu. Nilisikia wanawake wakimcheka mpaka sauti zikapotea. Nikakaa mlangoni nikamngoja, nusu nina hasira, nusu naogopa ataanguka.

Aliporudi shati lilikuwa limelowa, mtungi umebaki nusu, shingo ameikaza kama aliyelala vibaya. Nikamsaidia kuutua.

"Pale mteremkoni mnapumzika wapi?" akauliza.

"Hatupumziki. Ukiutua njiani, nani atakutwika tena?"

Akaivua ngata kichwani, akaikamua jasho, akaitundika kwenye msumari anaotundikia koti lake la shule.